Kadi ya kujaza na kadi ya mkopo: uzi kwa wana Kusini tunaolipia vitu mtandaoni

Chapa na Nakala (Mtwara Mjini)

Habari zenu wanajukwaa, na wana Kusini wote mlioko nyumbani na ugenini.

Nina duka la steshenari hapa mjini, si mbali na soko kuu. Zamani kazi ilikuwa kuchapa barua, kutoa nakala na picha za pasipoti. Siku hizi watu wanakuja na simu mkononi wakitaka kulipiwa kitu mtandaoni: ada ya maombi ya chuo cha nje, tangazo la biashara Facebook, mzigo wa AliExpress. Na utata wao ni uleule. Mmoja akiona tovuti imeandika kwa Kiingereza kwamba inapokea kadi ya mkopo, anazima simu na kusema yeye hana mkopo benki. Mwingine kabonyeza *150*00# akatengeneza kadi ya mtandaoni ya laini yake, kesho yake anawatambia wenzake kijiweni kwamba ana kadi ya mkopo kama ya wazungu. Juzi kuna mtu kaandika humu hilo la pili, akapigiwa makofi kibao. Nikaona nifungue uzi.

Ukitaka kuzitenganisha hizi kadi, achana na rangi na nembo. Visa ni Visa, Mastercard ni Mastercard, zote zina tarakimu 16, tarehe ya mwisho na zile namba tatu za siri. Jiulize jambo moja tu: ile sekunde unapobonyeza "lipa", inayotoka ni hela ya nani?

Kadi ya kulipia kabla, ambayo mimi naiita kadi ya kujaza, inatoa hela yako uliyoiweka humo mapema. Umetia elfu hamsini, una elfu hamsini. Ukijaribu kununua cha elfu hamsini na mia tano, inagoma. Hakuna anayekudai, hakuna riba, hakuna barua ya benki. Kadi za laini za simu zimo humu, kadi za zawadi zimo humu, na hata N-Card ya kuingilia uwanja wa Mkapa au kuvukia Kigamboni ni ndugu yao, ila ile inafanya kazi kwa wale tu waliojiunga na mfumo wake. Hizi zenye Visa au Mastercard zinakwenda karibu kokote nembo hiyo inakopokelewa.

Kadi ya ATM, ambayo wengi tunayo kwa sababu ya malipo ya korosho kupitia benki, nayo inatoa hela yako, isipokuwa inaivuta moja kwa moja kwenye akaunti. Watu wanaiita "kadi ya benki" na kuichanganya na ya mkopo. Siyo.

Kadi ya mkopo inatoa hela ya benki. Wewe hapo hujalipa chochote bado. Benki imekupangia ukomo, tuseme milioni mbili, unakula humo ndani, mwisho wa mwezi wanakuletea hesabu. Ukilipa yote kabla ya tarehe waliyokupa, kwa kawaida hakuna riba kwenye manunuzi. Ukilipa kipande, riba inaanza kutembea.

Sasa kwa nini tovuti iandike kadi ya mkopo halafu ipokee hata ya laini? Kwa sababu muuzaji anachotaka ni muamala uliokubaliwa na mtandao wa Visa au Mastercard. Ukishakubaliwa, yeye kwake hela ni hela. Hilo neno limebaki pale kwa mazoea. Jaza namba zako, mara nyingi inapita. Ziko sehemu haipiti, na ndizo nataka tuzijadili, kwa sababu hapo ndipo watu wanapokwama na kuanza kulaumu mtandao.

Karibuni. Wenye uzoefu wa benki na wa nje ya nchi mtuongezee nyama.

Korosho Daraja la Kwanza (Tandahimba)

Mkuu umeongea, lakini mimi hiyo kadi ya mkopo naiona ni kangomba iliyovaa tai. Mtu anakuja kipindi cha njaa, mwezi wa nne wa tano huko, anakupa hela ya chumvi na sare za watoto. Msimu ukifika anakuja na bakuli lake, korosho zako anazichukua kwa bei ya kutupa. Benki nayo inakupa leo, inakuja kukukamua kesho. Tofauti iko wapi? Serikali ilipambana na kangomba, hii ya benki inatangazwa kwenye mabango.

Chapa na Nakala

Mzee wangu, nusu uko sahihi, nusu umewaonea.

Kangomba haina siku za bure. Ukishapokea ile hela umeshauza korosho hata kama mikorosho haijatoa ua. Kadi ya mkopo ina dirisha. Taarifa ya deni ikitoka, unapewa muda wa kulipa, mara nyingi wiki tatu hivi. Kwa wenzetu Marekani sheria inataka taarifa itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya kulipa. Anayelipa yote ndani ya dirisha hilo ametumia hela ya benki bila riba. Watu wa namna hiyo wapo, na benki haiwapendi sana.

Anayeliwa ni yule anayelipa "kima cha chini". Hebu nikupigie hesabu, viwango ni vya mfano tu. Umetumia 1,000,000, riba asilimia 3 kwa mwezi, kima cha chini asilimia 10 ya deni. Mwezi wa kwanza riba inapandisha deni kuwa 1,030,000, unalipa 103,000, linabaki 927,000. Mwezi wa pili linapanda hadi 954,810, unalipa 95,481, linabaki 859,329. Unajiona unalipa vizuri, hukosi hata mwezi mmoja, na hununui kitu kingine. Baada ya miezi 12 umeshatoa kama 843,000 mfukoni mwako, na bado unadaiwa kama 403,000. Ona sasa kile kima cha chini kinavyofanya kazi: kadiri deni linavyopungua ndivyo na malipo yanavyopungua, kwa hiyo linakuwa halifiki mwisho.

Kutoa hela taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo ndiyo balaa zaidi. Pale kwa kawaida hakuna dirisha, riba inaanza siku hiyohiyo, na kuna ada ya kutoa juu yake.

Lakini kuna jambo lako moja Tandahimba, Newala, Masasi, hata Nachingwea na Liwale, ambalo wauza kadi hawaligusi. Kadi ya mkopo imeundwa kwa mtu anayepokea mshahara kila mwezi. Mwalimu, nesi, askari. Taarifa inakuja kila mwezi na inataka hela kila mwezi. Mkulima wa korosho hela yake inaanza kuingia minada inapofunguliwa Oktoba, ikichelewa Krismasi, basi. Kati ya Machi na Septemba benki itakuwa inakuletea taarifa na wewe una mikorosho inayohitaji salfa. Hata uwe na ekari ngapi, hata ghalani uwe na tani, ratiba yako na ratiba ya ile kadi hazikutani. Kwa mtu kama wewe kadi ya kujaza ina mantiki zaidi: msimu ukilipa unatia kiasi unachojua utakihitaji, unafunga mjadala.

Korosho Daraja la Kwanza

Hapo kwenye ratiba nimekuelewa. Kangomba yangu nairudisha mfukoni kidogo, siitupi.

Dada wa Mapokezi (Mikindani)

Salaam kaka Chapa. Mimi niko mapokezi kwenye hoteli, wageni wetu wengi ni wa kuogelea na kuangalia magofu, wengine wanapita kwenda Msimbati. Niseme ninachokiona kila mara mgeni anapokuja na kadi ya kujaza.

Mgeni akiingia, tunazuia kiasi kwenye kadi. Hatukati, tunazuia tu, kama dhamana ya vyumba, vinywaji na chochote kitakachovunjika. Mwenye kadi ya mkopo hata hashtuki, kwa sababu kilichozuiwa ni sehemu ya ukomo wake wa benki, hela yake ya kula iko palepale. Mwenye kadi ya kujaza aliyeweka hesabu kamili ya safari, tumemfungia hela halisi. Jioni anakwenda kununua samaki, kadi inagoma, anarudi kwetu amevimba, anasema tumemwibia.

Na kuondoka kwake hakumalizi. Anapolipa bili, sisi tunaachia lile zuio, lakini hela inarudi kuonekana kwenye kadi yake kwa kasi ya benki iliyoitoa kadi. Nyingine siku hiyohiyo, nyingine wiki nzima. Sisi mapokezi hatuna kitufe cha kuharakisha, jamani.

Ndiyo maana hoteli nyingi za nje na kampuni za kukodisha magari zinazikataa kadi za kujaza waziwazi. Wanaogopa mgeni akipasua kioo cha gari, watamdai nini kwenye kadi yenye salio la elfu nane? Kwa hiyo mnaosafiri, mkiwa na kadi ya kujaza pekee pigeni simu mapema muulize kama watakubali dhamana ya hela taslimu.

Mwana wa Shangani

Nimeweka kambi hapa. Chai iko jikoni.

Nahodha Bila Meli (Lindi, sasa yuko majini)

Wakuu, mimi baharia, natoka Lindi mjini, meli za utalii. Niwape upande ambao watu wa nchi kavu hawaujui.

Kampuni nyingi za meli za abiria mshahara wanautia kwenye kadi ya kulipia kabla. Mabaharia wanatoka nchi nyingi mno, kumfungulia kila mmoja malipo ya benki kwao ni shughuli. Unapewa kadi, mwisho wa mwezi salio linapanda. Kwa mtazamo wa Chapa hiyo hela ni yako kweli, hudaiwi. Tatizo linakuja kwenye makato madogomadogo.

Kutoa ATM kuna ada. ATM yenyewe ya nchi ile nayo ina ada yake, kwa hiyo umekatwa mara mbili. Kuangalia salio kwenye ATM, kadi nyingine zinakata. Kubadili dola kuwa fedha ya pale wanakula asilimia yao. Na kuna ada ya kutotumia: ukikaa miezi bila kuichanja, inaanza kujila yenyewe kidogokidogo. Nina rafiki aliteremka likizo akaiacha kadi sandukuni. Hakuna aliyemwibia, ni masharti yalikuwemo kwenye kile kikaratasi chenye maandishi ya mchwa.

Mtindo wangu: mshahara ukiingia natuma nyumbani kiasi kikubwa kwa mkupuo mmoja, nabakiza cha kutumia bandarini. Ukitoa vijisenti kila bandari, ada itakula kuliko wewe.

Jambo la mwisho, ATM au mashine ikikuuliza ukatwe kwa fedha ya kwenu au ya nchi uliyopo, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya kwenu wanakupigia kiwango chao cha kubadilisha, na mara nyingi ni kibaya. Hii ni kwa kadi zote, ya kujaza, ya ATM na ya mkopo.

Chapa na Nakala

Nahodha, hilo la ada ya kutotumia limebeba uzi. Watu wakisikia "haina riba" wanadhani ni bure. Kadi ya mkopo inakula kwa riba, ya kujaza inakula kwa makato. Kabla hujachukua yoyote uliza: kuifungua ni bei gani, kujaza ni bei gani, kubadili kwenda dola wanachukua asilimia ngapi, kufunga ni bei gani. Wakala akianza kujikunakuna kichwa kwenye hilo la dola, ndilo lenye mfupa.

Ustadhi wa Kilwa

Assalaam alaykum. Kwa sisi tunaojiepusha na riba, hii kadi ya mkopo ikoje? Kuna kijana kaniambia akilipa ndani ya hizo siku za bure hakuna riba, kwa hiyo haina neno.

Chapa na Nakala

Waalaykum salaam shehe. Mimi fatwa sina, nitakupa tu kilichomo kwenye mkataba. Ukiisaini kadi ya mkopo ya kawaida unakubali kwa maandishi kwamba ukichelewa utalipa riba, hata kama nia yako ni kutochelewa. Hilo ndilo la kuwapelekea wanazuoni. Kadi ya kujaza haina kipengele hicho kwa sababu hakuna mkopo wa kutozea. Lakini angalia sana huduma za laini zinazokumalizia muamala salio likipungua, kama Songesha. Ile ni mkopo na ina gharama yake. Mtu anaweza kuwa na kadi ya kujaza mkono huu na mkopo mkono ule, simu moja, asijue.

Bint Chikongola (mwanachuo)

Samahanini kaka zangu. Mimi nilikuwa nalipia mtihani wa Kiingereza wa kuombea chuo nje. Niliweka hela sawasawa na bei ya kwenye tovuti, nikageuza dola kwa kiwango nilichokiona Google. Kadi ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Salio lipo kabisa nalitazama!

Chapa na Nakala

Dada, hii ndiyo kesi ya kila siku dukani kwangu. Kiwango cha Google si kiwango utakachokatwa. Kadi inabadilisha kwa kiwango cha mtandao wake au cha mtoaji, halafu inaongeza asilimia ya ubadilishaji. Kwa hiyo cha dola 50 kinaweza kuhitaji shilingi za dola 52 na zaidi. Kadi ya mkopo ingepita, kwa sababu elfu nne tano za ziada ziko ndani ya ukomo, ungekutana nazo kwenye taarifa. Ya kujaza haina pa kuegemea. Ongeza kama asilimia 5 hadi 10 juu ya hesabu yako halafu ujaribu tena. Kitakachobaki ni chako.

Sababu nyingine: tovuti kadhaa kabla ya kukata bei kamili zinapima kwanza kwa kukata kidogo, dola moja au sifuri, kuona kama kadi iko hai. Kwenye salio lililobana, hiyo dola moja ikizuiwa, bei kamili haitoshi tena.

Na usirudie mara nyingi mfululizo. Mifumo inaona mtu anajaribu kadi ya wizi, inakufungia.

Bint Chikongola

Nimeongeza elfu kumi na tano, imepita!! Asante kaka, Mungu akuzidishie wateja.

Teller Mstaafu (Lindi)

Nimesoma toka juu, uzi umeshiba. Nimekaa kaunta ya benki miaka mingi kabla ya kurudi kulima ufuta, niweke mawili matatu.

Kwanza, mashine inajuaje kadi ni ya kujaza? Zile tarakimu za mwanzo, sita au nane, zinataja mtoaji na aina ya kadi. Ya kwanza kabisa ikiwa 4 ni Visa. Mastercard inaanza na 5, na siku hizi na 2 pia. Muuzaji akitaka kukataa za kujaza, anaweka sheria kwenye mfumo wake na inakataliwa hata kabla haijafika benki. Kwa hiyo mtu akiambiwa kadi haikubaliki, si lazima salio liwe dogo. Kadi nyingi pia zimeandikwa aina yake kwa maandishi madogo, igeuze utaiona.

Pili, wengi wananiuliza kwa nini kupata kadi ya mkopo ni kazi. Benki chache kubwa hapa nchini zinazitoa, lakini wataomba hati za mshahara, taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, na watachungulia historia yako kwenye taasisi za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu. Ukiwa ulikopa pahala ukatokomea, iko kule inakusubiri. Njia ya mlango wa nyuma ni kuweka amana: unafungia kiasi fulani benki, wanakupa kadi ya mkopo yenye ukomo kutokana na amana hiyo. Watu wanadhani hiyo ni kadi ya kujaza. Hapana. Amana imelala kama dhamana, na unachotumia bado ni deni. Usipolipa, riba inatembea, na mwishowe wanachukua amana.

Hapo ndipo tofauti nyingine ilipo: kadi ya mkopo inakujengea jina au inakuharibia. Marejesho mazuri yanaonekana, mabaya yanaonekana. Kadi ya kujaza, ujaze mamilioni miaka kumi, haikujengei rekodi ya ukopaji, kwa sababu hujakopa.

Kuna kitu huwa kinanichekesha. Hii kadi ya mkopo tunayoombewa nyaraka lukuki, ilipoanza Bank of America ilituma kadi kama 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, mwaka 1958, bila wao kuomba. Watu waliamka wakakuta kadi kwenye barua. Wengi hawakulipa, udanganyifu ukajaa, benki ikapata hasara kubwa mwanzoni. Kadi ile ndiyo iliyobadilishwa jina kuwa Visa mwaka 1976. Baada ya kuungua ndiyo wakaanza kuchungulia mishahara ya watu.

Mjasiri wa Nangwanda

Mimi napinga kidogo. Mnaisifia sana kadi ya kujaza. Kwenye utapeli kadi ya mkopo ni mfalme. Nimeishi Uingereza, ukinunua kitu cha zaidi ya pauni 100 na hakijafika, mtoaji wa kadi anawajibika pamoja na muuzaji. Marekani mwizi akitumia kadi yako ya mkopo, sheria inasema usibebe zaidi ya dola 50. Mwenye kadi ya kujaza akiibiwa anabaki kulia.

Chapa na Nakala

Mkuu uko sahihi kwa huko. Ile ya Uingereza ni sheria ya mikopo ya wateja ya mwaka 1974, kifungu cha 75, na inahusu mkopo tu, kwa manunuzi ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Lakini mtu wa Mtwara akibeba kadi iliyotolewa Tanzania hatembei na sheria ya Uingereza mfukoni.

Anachokuwa nacho ni kanuni za Visa na Mastercard za kupinga muamala, na hizo zinagusa kadi zote, hata ya ATM na ya kujaza yenye nembo zao. Tofauti ni nani anayelia wakati kesi inaendelea. Ukipinga muamala wa kadi ya mkopo, kilicho hewani ni hela ya benki, nao wana kila sababu ya kuifuata mbio. Ukipinga wa kadi ya kujaza, kilicho hewani ni hela yako ya sare za shule, na kesi inaweza kuchukua wiki. Hapo nakupa pointi yako yote.

Upande wa pili: mwizi akizipata namba za kadi ya kujaza, anakuta kilichomo tu. Kama umeweka elfu ishirini, ameiba elfu ishirini. Akizipata za mkopo anaweza kupiga hadi ukomo. Kwa tovuti usiyoiamini, jaza cha kununulia kitu kimoja, nunua, ondoka. Na kwa zile programu zinazokupa siku saba za bure halafu zinaanza kukata kila mwezi, kadi tupu ni ulinzi mzuri. Ila usiichukulie kama umejitoa. Umekwama kulipa tu. Ingia ujitoe rasmi, maana siku ukijaza kwa jambo lingine watakuwa wa kwanza kufika.

Halafu, msiifute kadi ya mtandaoni mara tu mkishanunua. Muuzaji akirudisha hela, inarudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Kuna mama aliagiza vitenge, mzigo ukakosekana, wakamrudishia, na kadi alishaifuta kwenye simu. Hela ilizunguka kwa mtoaji wa kadi mpaka akachoka kupiga simu. Aliipata, lakini si kwa wiki moja.

Na mtu yeyote akikwambia umlipe kwa kumsomea namba za kadi ya zawadi, ya duka lolote, ya programu yoyote, huyo ni binamu wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ofisi ya kweli haidai malipo kwa kadi za zawadi. Ukishazisoma hizo namba, hela imekwenda, hakuna wa kupingia muamala.

Mjasiri wa Nangwanda

Sawa, tumekutana katikati. Mimi ya mkopo siiachi kwa tiketi za ndege na hoteli. Matangazo na madude madogo nitahamia ya kujaza.

Chapa na Nakala

Na wewe una mshahara wa kila mwezi, mkuu. Inakufaa.

Mama Vitumbua (Masasi)

Mwanangu Chapa, mimi swali langu dogo. Nilikuwa na kadi ya kujaza ya benki, imebakiwa na shilingi mia saba na tarehe yake inaisha mwezi ujao. Naitoaje hiyo hela?

Chapa na Nakala

Shikamoo mama. Zile za laini, nyingine zinasoma pochi ya simu moja kwa moja, kwa hiyo hakuna kinachobaki kwenye kadi. Nyingine unahamisha, na unaweza kurudisha. Ya kwako ya benki nenda tawini na kitambulisho cha NIDA kabla tarehe haijafika, waulize kama salio linahamia kadi mpya au linatolewa. Kukwisha kwa tarehe ya kadi peke yake hakumaanishi hela imekuwa yao. Ila kwa mia saba, mama, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni zaidi ya hiyo. Siku ukiwa na shughuli nyingine huko benki, ndiyo uiulizie.

Mama Vitumbua

Marahaba. Basi Ijumaa, nina marejesho ya kikoba palepale jirani.